Maziwa ya Ukuta

Mwezi uliopita tulimzika Godlisten. Walimleta kutoka Dar es Salaam kama wanavyoletwa wote, wakamshusha Marangu kwenye kihamba alichozaliwa, katikati ya migomba na mibuni, nami nikapanda kutoka Himo asubuhi kabla turubai halijafungwa vizuri. Msibani mimi sikai. Nikipewa kiti nakaa kidogo, halafu naanza kuona vikombe visivyooshwa, kamba iliyolegea, mtoto anayesogelea moto, na mhubiri hajamaliza somo la kwanza mimi niko nyuma ya nyumba nabishana na wapishi juu ya chumvi. Marehemu mume wangu alizoea kusema nina siafu kwenye viatu. Basi nilikuwa huko nyuma, nikitafuta kifuniko cha sufuria bila kutumwa na mtu, alipokuja dada mmoja aliyevaa nyeusi, akanitazama, akasema, "Shikamoo mama. Samahani, wewe ndiye Aika wa maziwa?" Alikuwa Neema, binti mkubwa wa Godlisten, ambaye mara ya mwisho nilimwona akiwa mtoto wa kubebwa. Alisema baba yake alikuwa akinitaja kwa jina hilo kila alipoona fundi akipiga lipu, lakini akiulizwa anacheka tu. Akaomba nimweleze. Nilimweleza nikiwa nimesimama, harakaharaka, kwa sababu jeneza lilikuwa karibu kutolewa, na nilipofika nyumbani nikaona nimeuharibu mwaka mzima wa kisa hicho kwa kuukimbiza. Hapa nitajaribu kwenda nao polepole, nikiweza.

Mwaka ule ulianza kwa mimi kuacha chuo cha uhazili mjini Moshi. Sikufukuzwa wala sikufeli; nilishindwa kukaa kwenye kiti. Darasa zima tulikuwa tunagonga taipureta kwa pamoja, mwalimu akipiga mapigo kwa rula, na dirishani mlima ulikuwa unatoka mawinguni na kurudi utakavyo, hata nikauonea wivu. Asubuhi moja niliacha karatasi ikiwa ndani ya mashine, katikati ya neno, nikaondoka. Wiki ileile nikawa saidia fundi wa Fundi Aminieli, aliyekuwa akimjengea nyumba mtu mmoja wa Arusha huko Marangu na hakujali kama ni msichana mradi ndoo inafika juu. Aminieli alikuwa na sauti kubwa, mkono mzuri, na maoni juu ya kila jambo, kuanzia serikali hadi namna ya kumenya ndizi. Wenzangu walilala palepale kwenye jengo, juu ya mifuko ya simenti, na kwa kuwa haikupendeza nilale nao, aliniombea chumba kwa jirani, mjane mmoja aliyeitwa Bibi Nansia. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, magunia ya kahawa na dirisha dogo lililotazama zizi, na kila alfajiri niliamshwa na ng'ombe akipumua karibu kabisa na kichwa changu.

Nyumba ile ilikuwa ya kushukuru kutwa nzima. Jina langu kwa Kichagga ndiyo asante yenyewe, na Bibi alisema aika mae kwa maji, aika mae kwa kuni, aika mae kwa mtu aliyempungia mkono tu barabarani, nami nikawa nageuka kila mara nikidhani naitwa. Bibi alicheka mpaka akashika ubavu. Alisema hajawahi kuona msichana ambaye hata shukrani zinamsumbua. Asubuhi alinipa mtori, jioni kiburu cha ndizi na maharage, na maziwa wakati wowote nilipopita karibu na jiko. Nilikula nimesimama mlangoni, bakuli mkononi, nikiangalia nje kana kwamba kuna gari litaniacha, naye akanivuta kwa upindo wa kanga akasema nikae, angalau chakula kijue kinakwenda wapi. Nilikaa kwa ajili yake. Sijui mtu mwingine aliyeniweza hivyo kabla ya yeye, na hata baada yake ni mmoja tu.

Sebule ndiyo iliyokuwa roho ya nyumba, na ndiyo iliyokuwa inaoza. Mumewe aliijenga kwa mawe ya mtoni yaliyoshikanishwa kwa udongo, akaipiga lipu nyembamba, kisha miaka mingi baadaye, siku ya kipaimara cha mwana wao Godlisten, akaipaka rangi ya mafuta ya kijani hadi kimo cha kifua na chokaa juu yake hadi darini. Ukuta mrefu ulibeba picha ya harusi, kalenda za usharika za miaka kadhaa moja juu ya nyingine, na picha za watoto wakiwa wamevaa nguo za kanisani na nyuso za kuogopa. Nyuma ya hizo picha ukuta ulikuwa umevimba. Mwezi wa Juni na Julai, ukungu uliposhuka na kukataa kuondoka, rangi ile ya kijani ilitoa matone kama paji la uso la mtu mwenye homa, na Bibi alipita na kitambaa akiufuta bila kusema lolote. Mimi niliyekuwa nashinda kwenye kuta mpya za tofali, zilizonyooka na kukauka, nilikuwa siwezi kupita sebuleni bila kuugonga ukuta ule kwa kifundo cha kidole. Pale lipu iliposhika ulijibu kwa sauti nzito. Kwingine kwingi ulilia kama debe tupu.

Nimetangulia kidogo, kwa sababu habari yenyewe ilianza kabla ya baridi, wakati wa Pasaka, Godlisten alipokuja na mkewe na huyu Neema. Baada ya chakula cha mchana mtoto alilazwa kwenye kochi. Mimi nilikuwa uani naosha vyombo, dirisha likiwa wazi. Nikasikia kishindo, halafu kilio cha mtoto. Pande la lipu lenye ukubwa wa sinia lilikuwa limeanguka kwenye mkono wa kochi, karibu kabisa na kichwa cha Neema. Godlisten hakupiga kelele. Hakuwa mtu wa hivyo. Alimkabidhi mkewe mtoto, akangoja wakatoka nje, halafu nikamsikia akimwambia mama yake maneno ambayo hakuyachagua kumuumiza, na kwa hiyo yalimuumiza zaidi.

"Mama, nyumba hii itakuua, na watu watasema niliiacha ikuue. Mwezi wa Desemba nakuja na gari. Nikiukuta ukuta huu hivi, tunaondoka wote."

 Bibi akauliza habari ya ng'ombe, naye akajibu kwamba ng'ombe watauzwa. Akauliza habari ya kihamba, akajibiwa kwamba atatafutwa mtu wa kukiangalia. Hakuuliza habari ya kaburi la mumewe lililokuwa pale chini ya mringaringa, maana hilo halina jibu. Mwishowe akasema sawa, na Bibi akisema sawa ilikuwa ni ahadi. Jioni yake, akikamua, aliniambia bila kunitazama kwamba Dar anaijua, aliwahi kukaa huko wiki kadhaa: watamweka kwenye kochi, watamwashia televisheni, watampenda sana, naye atasubiri kufa. Halafu akaniuliza kama sisi tunaojua simenti tunaweza kuurudisha ukuta ule. Nilimwambia tunaweza. Nilikuwa na miezi michache tu kwenye kazi, na nilisema vile kwa sababu moyo wangu ulikuwa tayari umeruka na kukimbia mbele ya akili, kama kawaida yake.

Fundi Aminieli aliukagua ukuta Jumapili moja baada ya ibada, akiwa bado na tai. Kwa kawaida yeye lipu mpya juu ya ukuta wa zamani aliifanya kwa njia ya baba zake: unachukua nyundo na tindo, unautoboatoboa ukuta mpaka uwe na makovu ya kushika, unaumwagia maji, unaurushia uji mzito wa simenti na mchanga uote vipele, kesho yake unapiga lipu. Kwenye tofali au zege ni njia nzuri, hata leo sina ugomvi nayo. Lakini alipopiga tindo mara ya kwanza pale sebuleni, tulisikia udongo ukimwagika ndani ya ukuta, mchirizi mrefu kama mahindi yakimwagwa kwenye ndoo, na picha ya harusi ikaenda upande. Aminieli akaishusha nyundo taratibu. Ukuta wa mawe na udongo ukiupiga sana, unakupa mawe yako. Akasema kwa huu itabidi tutumie gundi, na akanituma Moshi kwa sababu, alisema, mimi nilikuwa nikitembea tu hata nisipotumwa.

Duka lilikuwa la Bi Zarina, Mwismailia aliyezaliwa mjini Moshi kama baba yake, mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliyejua Kichagga cha kutosha kukusikia ukimsema. Nilimwambia nataka gundi ya lipu. Badala ya kunipa, akaanza kunihoji. Ukuta uko ndani au nje? Una rangi gani, ya mafuta au ya maji? Ukiupitisha mkono unatoka na unga? Mwezi wa Julai unalia au haulii? Nilikuwa nimesimama kwa mguu mmoja, gari la Marangu likiwa linajaza abiria, na maswali yale yalikuwa yananiwasha mwili mzima. Akaniona. Akatoa chini ya kaunta vigae viwili. Kimoja alikuwa amekipaka gundi nyeupe ile ya kawaida, ambayo mafundi wengi walikuwa wanainunua kwa kuwa maseremala nao wanaitumia; kingine alikipaka kitu kipya kilichokuwa kikija kutoka Nairobi, cheupe vilevile, chenye harufu ya mpira. Vyote vilikuwa vimekauka. Akamwaga maji juu ya vyote viwili, akaniambia niwahudumie wateja wawili nikingoja. Sijui kwa nini nilikubali. Niliporudi, gundi ya kwanza ilikuwa imelainika na kugeuka ute mweupe chini ya kidole changu. Ya pili ilikuwa imekaza vilevile.

Alisema kwa ukuta mkavu wa ndani mjini angeniuzia ile ya kwanza na kunitakia heri. Kwa ukuta unaolia, hapana. Nichukue ile ya mpira, aliyoiita praima, niichanganye na simenti iwe uji, niipake kwa brashi, na lipu ipigwe juu yake ikiwa bado inanata. Kabla ya hapo rangi ya mafuta ikwanguliwe kwa msasa mpaka mng'ao ufe, na chokaa ya juu isuguliwe yote itoke, maana gundi itaishika chokaa vizuri sana na chokaa itauachia ukuta. Nilirudi na kopo mapajani, nikirudia maneno yake kwa midomo, na gari la kwanza lilikuwa limeniacha. Aminieli aliposikia alikasirika, si kwa kopo bali kwa maelekezo. Alisema gundi ni gundi, hajawahi kufundishwa kupaka na mtu wa dukani. Lakini Bibi alilifungua kopo, akanusa, akachovya kidole, akasema, "Haya ni maziwa." Tangu hapo halikuitwa gundi wala praima pale nyumbani. Yalikuwa maziwa ya ukuta, na Aminieli mwenyewe akajikuta anayaita hivyo.

Kukwangua kulichukua jioni nyingi. Lipu iliyolia debe niliibandua kwa mkono, na iliyoshika niliikwangua mpaka nikawa natema kijani. Bibi alisugua chokaa kwa brashi ya kufulia, akiimba tenzi za kanisani kwa sauti ya chini, na vumbi jeupe likakaa kwenye nyusi zake. Nadhani siku zile ndizo nilizoanza kumpenda kama mtu wangu, maana hatukuwa na la kusema na bado tulisema. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza, mafundi wote wa mlimani walikuwa wameshikwa, kwa sababu Desemba kila Mchagga anarudi nyumbani na kila nyumba inataka kuonekana imeoshwa uso. Aminieli alitukatia siku moja kati ya kazi zake. Asubuhi ile tulichanganya lipu uani, tukapika uji wa maziwa na simenti, akaupaka ukuta mrefu wote kwa mikono yake miwili, haraka na vizuri, ukawa wa kijivu unaong'aa kutoka kona hadi kona. Akashika mwiko. Na hapohapo hodi ikabishwa mlangoni.

Alikuwa mzee wa kanisa wa mtaa wetu. Bibi alikuwa amemwomba aje kuibariki kazi, jambo ambalo hakuna fundi anayeweza kulikataa, naye akafika amevaa koti. Tulimsalimu. Bibi akamletea maziwa ya kunywa, na mtu aliyepewa maziwa Marangu hawezi kuyanywa kwa kukimbia. Akauliza habari ya nyumbani kwetu sote, kisha akasimama, akasema tuombe. Nitakuwa mkweli: yalikuwa maombi mazuri. Aliombea msingi, akaombea mawe na mtu aliyeyapanga, akawaombea watoto wote wa nyumba ile kwa majina na mahali walipo, akavuka akawaombea wajukuu. Watu wote walikuwa wamefumba macho. Mimi nilikuwa nimefumbua, natazama ukuta. Nilikuwa nauona mng'ao ukiondoka, kwanza karibu na dirisha ambako upepo ulikuwa unaingia, halafu ukatambaa kuelekea kona. Mzee alipovuta pumzi nikasema "Amina" kwa sauti. Wote wakaitikia amina. Mzee akashukuru, akaendelea na serikali. Aliposhusha sauti tena nikasema amina nyingine, ndefu zaidi, na Aminieli akafumbua jicho moja akanitazama kwa namna ambayo ilinifunga mdomo. Mzee alipomaliza, ukuta ulikuwa mkavu kama ubao. Nilisema ukwanguliwe au upakwe tena. Aminieli akajibu kwamba gundi ikikauka ndipo inaposhika, kila mtoto anajua, na kwamba baraka haiwezi kuharibu lipu. Akapiga. Mpaka jioni ukuta ulikuwa umenyooka, mzuri, na Bibi alisimama mbele yake akauambia aika mae.

Ulidumu siku chache. Niliugonga kila asubuhi, na kila asubuhi mlio wa debe ulikuwa umeenea zaidi. Siku ulipoanguka tulikuwa tunakula ngararimo ya ndizi, Bibi na mimi, milango ikiwa wazi kwa ajili ya mwanga. Hakukuwa na ufa hata mmoja. Ukuta ulitoa sauti kama mtu anayekunjua karatasi, halafu lipu yote ya katikati ikateleza kwa pamoja ikalala sakafuni. Nilipoligeuza pande moja, mgongo wake ulikuwa laini kabisa, unateleza, kama sahani iliyooshwa. Maziwa yalikuwa yamekauka yakawa ngozi, na ngozi haikushika upande wowote. Bibi hakulia. Aliondoa bakuli langu lililokuwa limejaa mchanga, akanipakulia jingine, akasema basi labda ndivyo ilivyopangwa, aanze kufunga nguo zake. Hapo nikaweka bakuli chini. Nilikuwa na hasira ya kutosha kuhamisha mlima.

Aminieli alikuja akatazama, akapitisha kidole kwenye mgongo wa pande lile. Alikuwa na kazi Himo isiyosubiri, ya watu waliomlipa tayari, na aliondoka kesho yake; lakini aliniachia mwiko wake mwenyewe, ule wa mpini uliochakaa ukafuata umbo la kidole gumba chake, na hilo kwake lilikuwa neno zito. Mimi nikateremka Moshi kugombana na Bi Zarina. Nilimwambia dawa yake ni uongo. Akaniuliza kama tuliiacha ikauke. Nikamwambia kulikuwa na maombi. Hakucheka, ingawa miwani yake ilicheza kidogo. Akauliza tu yalikuwa maombi marefu kiasi gani, nikamwambia yalifika serikalini, na akasema basi wakati mwingine tuombe kwanza. Alinieleza tena, polepole, na safari hii nilikaa kwenye kiti chake kumsikiliza: tupake kipande kidogo tu, kile ambacho mkono wangu unaweza kukifunika, mmoja apake na mwingine afuate na mwiko, na yule wa brashi asiondoke hata nyumba ikiwaka moto.

Nilipomweleza Bibi, alielewa kabla sijamaliza. "Kumbe ni maziwa kweli," alisema. "Ukiyachemsha ukayaacha, yanaweka utando juu. Ukimimina kitu hapo, kinakaa juu ya utando, hakiingii." Alikuwa ameishi na maziwa maisha yake yote. Mimi na Aminieli, na duka zima la Bi Zarina, hatukuwahi kulisema vizuri kiasi hicho. Akaniambia nitafute brashi ya mkono wake, pana lakini nyepesi, kwa sababu brashi ataishika yeye.

Siku hizi nina duka langu Himo, njia panda, na vijana wanakuja na simu zao wakinionyesha picha ya kopo, wanataka gundi, fasta, bodaboda inanguruma nje. Nawauliza ukuta uko ndani au nje. Nawauliza unatoka unga, unalia, una rangi gani. Wanasimama kwa mguu mmoja. Makopo yamekuwa mengi, mengine yana mchanga ndani yake tayari kwa ajili ya ukuta unaoteleza, mengine ya nje, mengine ya sakafu, na maandishi ya pembeni ni madogo hata mimi nahitaji miwani. Kuchagua si kugumu kama watu wanavyodhani. Kilicho kigumu ni kukubali kwamba kuna kitu ambacho ukikianza huwezi kukiacha hata kwa jambo zuri. Mimi niliyekuwa naacha kila kitu katikati, hata neno kwenye taipureta, nilijifunza hilo kwenye sebule ya mtu mwingine, na bado linanisumbua, maana mwili wangu haujawahi kukubali kabisa.

Tulibandua lipu iliyobaki na kukwangua ngozi yote, kisha tukaanza asubuhi, juma la Krismasi. Mzee wa kanisa aliitwa kwanza, akaomba kopo likiwa limefungwa, akashukuriwa, akasindikizwa hadi getini, na Bibi akalifunga geti kwa mnyororo. Mwili wake ulikuwa mdogo, wa miaka sabini na zaidi, umefungwa kanga mbili, lakini mkono ulikuwa umekamua ng'ombe tangu utotoni na haukuchoka. Alipaka kipande, nikakifunika. Alipaka kingine, nikafuata. Hatukusema neno isipokuwa "haya" na "bado." Tulianzia kona ya mlango, tukapita pale picha ya harusi ilipokuwa, na jua lilipofika dirishani tulikuwa tumevuka katikati. Nilikuwa juu ya meza, karibu na dirisha, nilipoiona pikapu ikipanda barabara, ikipiga honi kuanzia chini kama wanavyopiga wote wanaorudi nyumbani. Dereva aliyeshuka kutikisa mnyororo sikumjua. Nyuma yake alishuka Godlisten. Alikuwa amekuja mapema kabla ya siku yake, na ndani ya pikapu mlikuwa na kamba na turubai la kufungia vyombo.

Kwetu mtoto akirudi, mama anatoka. Hata akiwa mgonjwa anatoka, anashikwa mikono. Majirani walikuwa tayari wamechungulia juu ya ua wa masale kuona Bibi Nansia akimpokea mwanawe. Godlisten aliita mara moja, akaita tena. Bibi alikuwa amepaka kipande kikubwa kidogo kuliko vyote, na nusu yake ilikuwa bado inang'aa mbele yangu. Nilimwona akisimama. Niliona brashi ikidondosha matone kwenye kanga yake, na macho yake yakienda dirishani kwa mtoto wake ambaye hakuwa amemwona tangu Pasaka. Nilitaka kumwambia aende. Kisha akachovya brashi, akageukia ukuta, na akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Godi, subiri hapo nje. Maziwa yatakauka."

Alisubiri. Aliruka geti, nguo zake za mjini zikachafuka, akasimama uani karibu na dirisha bila kuingia. Kutoka pale alikuwa anatuona. Sijui alitarajia kumkuta mama yake wapi. Nadhani kwenye kiti, na mizigo yake miguuni. Alimtazama akipaka, akichovya, akisogea, akinihimiza mimi niliyekuwa kijana wa kutosha kuwa mjukuu wake. Alimtazama mpaka kona ya mwisho. Dereva naye akaruka geti, akamuuliza waanze kupakia nini, kabati au kitanda. Nilikuwa karibu nao kiasi cha kusikia jibu, na mwiko wangu ukasimama hewani.

Godlisten alimwambia ashushe mchele na sukari, kisha ageuze gari.

Bibi hakusikia, au alisikia. Alimaliza kona, akaweka brashi ndani ya ndoo ya maji, akaosha mikono hadi viwikoni, akafungua kanga iliyochafuka na kujifunga iliyo safi. Akajitazama kwenye kioo cha kabati. Ndipo akatoka mlangoni, mikono mbele, kama mtu aliyeshtuka kuona mgeni uani kwake, akamkumbatia mwanawe, akamuuliza habari za safari, za mkewe, za mtoto, za kazini, hakuruka hata moja.

"Karibu nyumbani, baba," akasema. "Umefika saa ngapi?"

Godlisten alimtazama, matone ya kijivu yakiwa bado kwenye nyusi za mama yake, akajibu, "Sasa hivi tu, mama."